Binti anataka kuwa rubani, shamba lisubiri kwanza

Ankara ilikuja kwa WhatsApp, kurasa tatu zenye picha ya ndege inayopaa. Mafunzo ya urubani, miezi 18, dola 48,000. Atakayelipa zote kabla ya mwisho wa mwezi atapunguziwa asilimia tano. Baba, mkulima wa mahindi na machungwa wa Sindeni wilayani Handeni, alimpa simu kijana wa duka la miamala ampigie hesabu. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, jibu likawa milioni 120.

Fedha hizo hazikuwepo, lakini mali ilikuwepo. Kulikuwa na shamba la ekari tisa pembeni mwa barabara ya Korogwe hadi Handeni, ile ya kilomita 65, ambayo tangu iwekwe lami imewaleta wanunuzi wa ardhi kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na ng'ombe saba. Na kulikuwa na kiwanja cha urithi Manundu, mjini Korogwe, ambacho mama alikimiliki pamoja na kaka yake. Vyote vikiuzwa, na nyongeza ikakopwa kwenye kikundi, ankara ingelipwa.

Binti alikuwa na miaka 19. Alimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, akaenda JKT kwa mujibu wa sheria, akarudi amekonda, na bado akisema lile lile alilolisema tangu darasa la tano: anataka kurusha ndege za abiria. Njia ya ndege kati ya Dar es Salaam na Kilimanjaro hupita karibu na anga ya Handeni na Korogwe, hivyo mtoto wa huko hukua akizisikia. Wengi hunyanyua shingo kidogo kisha wakaendelea na jembe. Huyu alishajua kutofautisha mlio wa ndege ya pangaboi na wa jeti kabla hajajua kusuka nywele.

Baba hakuwa na shaka na akili ya mwanawe. Shaka yake ilikuwa fedha, na hiyo nayo aliona imepata jawabu. Mnunuzi alishakuja mara mbili kulipima shamba kwa hatua.

Kilichobaki ni sahihi ya mjomba, kwa kuwa kiwanja cha Manundu hakiuziki bila yeye. Na hata kisingekuwapo kiwanja, kwa Wazigua jambo kubwa la mtoto halimalizwi mjomba akiwa hajui. Wakapanda Coaster asubuhi, baba, mama na binti, wakaenda Korogwe.

Mjomba ni tabibu mstaafu. Zaidi ya miaka 25 alihudumu kwenye zahanati ya shamba la mkonge, akifunga vidonda vya wakata mkonge na kuwapima wafanyakazi wa korona, ile mitambo ya kusindika majani ya mkonge. Alivaa miwani, akasoma ankara yote pamoja na maandishi madogo ya ukurasa wa tatu, yale yanayosema fedha ikishalipwa hairudishwi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Shemeji, mtoto ameshapimwa?"

"Kupimwa nini?"

"Afya ya urubani."

Baba alicheka. "Shemeji, huyu katoka JKT juzi. Anakimbia kilomita kumi bila kupumzika."

Mjomba hakucheka. Alimwambia kwamba mbio ni jambo moja na cheti ni jambo jingine, na kwamba hatoi sahihi mpaka akione cheti.

Wazazi wengi wanaosaka njia ya urubani kwa watoto wao huanzia kwenye ada, nchi na jina la chuo. Cheti cha afya huja mwishoni, wakati mwingine mtoto akiwa ameshafika chuoni. Ni mpangilio wa hatari kuliko unavyoonekana. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo Tanzania inazifuata kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, hakuna rubani wa kulipwa asiye na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Cheti hicho hakitolewi na kila hospitali. Hutolewa kwa uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka kwa kazi hiyo. Anaangalia macho, masikio, moyo kwa kipimo cha umeme wa moyo, shinikizo la damu, mkojo, mapafu, historia ya akili na ya mishipa ya fahamu. Kwa rubani wa chini ya miaka 40 kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 12, kwa maisha yake yote ya kazi. Ukikosa cheti, leseni iliyogharimu shamba inabaki karatasi.

Gharama ya uchunguzi huo ukiilinganisha na ankara ni kama nauli ya Coaster ukiilinganisha na bei ya Coaster yenyewe. Ndiyo maana kuuacha mpaka mwisho ni jambo lisiloeleweka.

Hofu ya kwanza ya binti ilikuwa miwani. Tangu kidato cha tatu haoni mbali bila miwani, na mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba mwenye macho manne haendeshi ndege. Mwalimu alikosea. Kanuni inataka kila jicho lione kiwango cha 6/9 au zaidi, na yote mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Anayevaa miwani hupewa sharti la kuivaa akiwa kazini na kubeba nyingine ya akiba. Ni watoto wangapi wa kike na wa kiume wamekata tamaa kwa sababu ya kauli ya namna hiyo, haijulikani, lakini sentensi yenyewe husikika shule nyingi.

Kinachoweza kufunga mlango ni kitu ambacho mtoto hakijui kabisa: kutotofautisha rangi. Huu ni upungufu wa kurithi, na mara nyingi hupitia kwa mama asiye na dalili yoyote hadi kwa mtoto wa kiume. Kijana huishi nao miaka 20 akidhani kila mtu anaona kama yeye. Mjomba alimjua kijana mmoja wa upande wa Segera ambaye familia ililipa nusu ya ada ya chuo cha nje. Alipofika huko akafunguliwa kitabu cha vipimo chenye nukta za rangi zinazoficha tarakimu, akaangalia ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hakuona tarakimu. Nusu ya ada haikurudi. Mama yake alipoelezwa kwamba upungufu huo hupitia kwa mama, akaanza kujilaumu kwa jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulizuia. Kitabu kile cha nukta kipo kwenye kliniki nyingi za macho, na kukipitia ni kazi ya dakika chache.

Binti alipimwa macho Korogwe siku ileile. Rangi aliziona zote. Miwani ikabadilishwa namba.

Jioni ile, wakisubiri usafiri wa kurudi Handeni, ndipo yalipoanza mazungumzo ya njia yenyewe, na hapo mjomba alikuwa mwanafunzi kama wengine. Binti ndiye aliyewafundisha. Alikuwa amesoma kila alichokipata kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Kuna ngazi tatu za leseni, aliwaeleza. Ya kwanza ni ya rubani binafsi, ambayo wenyewe huiita PPL. Inamruhusu mtu kurusha ndege ndogo bila kulipwa. Kiwango cha chini cha kimataifa ni saa 40 angani na umri wa miaka 17, ingawa wengi huhitaji saa zaidi ya hizo. Ya pili ni ya rubani wa biashara, CPL, yenye kiwango cha saa 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa, na umri wa miaka 18. Hiyo ndiyo inayomruhusu kulipwa, na huambatana na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, na ya ndege ya injini mbili. Ya tatu, ATPL, ndiyo ya kapteni wa ndege kubwa za mashirika. Inahitaji saa 1,500 na miaka 21, na hakuna chuo kinachoiuza moja kwa moja, kwa sababu saa hizo mtu huzipata akiwa kazini.

"Kwa hiyo hii milioni 120 inakufikisha wapi?" baba aliuliza.

"Ya pili, baba."

"Na ukishapata ya pili unaajiriwa?"

Binti alinyamaza kidogo. "Unatafuta kazi, baba."

Ukurasa wa kwanza wa ankara ile ulikuwa na picha ya Boeing 787 Dreamliner, ndege ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018 na ambayo kila Mtanzania anaijua. Mwanafunzi anayehitimu akiwa na saa 200 hatoki chuoni na kukaa kwenye ndege hiyo. Kwa hapa nchini, wengi huanzia kwenye ndege ndogo za abiria kumi na kidogo, kama Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar, wakiwa wasaidizi, wakikusanya saa. Ili aingie kwenye ndege kubwa, kwa mfano ATR au Airbus, anahitaji mafunzo ya aina hiyo ya ndege pekee, ambayo nayo hugharimu maelfu ya dola. Kuna mwajiri anayeyalipia na kumfunga kwa mkataba wa miaka kadhaa, na kuna anayetaka mtu aje nayo mkononi. Kati ya leseni na kazi ya kwanza panaweza kupita mwezi mmoja au miaka miwili, na miezi yote hiyo cheti cha afya na uzoefu wa kuruka vinahitaji fedha ili visife.

Hapo ndipo watoto wengi hupotoshwa na video za mtandaoni. Nyingi ni za Marekani, ambako tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500, hivyo vijana wa huko hukaa miaka wakifundisha wenzao ili wazifikishe. Kijana wa Handeni akiiga mpango huo bila kuangalia viza na soko la kwao, atajikuta na leseni ya nchi moja na maisha ya nchi nyingine.

Njia zenyewe, alisema binti, ni mbili kubwa. Kuna ya mkupuo: unaingia chuo kimoja, unalipa kifurushi kizima, unatoka na leseni ya biashara baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Ina nidhamu, ina ratiba, na mashirika mengine ya nje huipenda. Na kuna ya hatua kwa hatua: unapata leseni binafsi, unasimama, unafanya kazi au kusoma kitu kingine, unakusanya saa, unaendelea. Hii huchukua muda mrefu na huhitaji mtu asiyechoka njiani. Ipo pia njia ya jeshi, lakini huko mtu anakuwa mwanajeshi kwanza na rubani baadaye, kama jeshi likimchagua, na binti alisema miezi yake ya JKT ilimtosha.

Kuhusu mahali, orodha yake ilikuwa ndefu. Nairobi, kwenye uwanja wa Wilson, kuna shule nyingi za urubani. Soroti, Uganda, kuna chuo kilichoanzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kikasomesha marubani wa nchi zote tatu. Addis Ababa kuna chuo cha Ethiopian Airlines kinachopokea wanafunzi wa kigeni. Afrika Kusini ziko nyingi. Nyumbani, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kiliingizwa kwenye mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri, kikapewa eneo la usafiri wa anga na kununua ndege za mafunzo. Mzazi anayetuma fedha nje bila kwanza kupiga hodi Mabibo anaruka kisima cha jirani kwenda kuchota mtoni.

Popote atakapokwenda, swali la kwanza si picha za ndege. Ni kama TCAA inakitambua chuo hicho, na nini kitatakiwa ili leseni ya huko ibadilishwe kuwa ya Tanzania. La pili ni ndege ngapi zinaruka leo hii, maana chuo chenye ndege sita zilizopakwa rangi na mbili zinazoruka kitamweka mtoto foleni, na kila mwezi wa foleni una kodi ya chumba na chakula. La tatu ni la malipo, na hapo mjomba alikuwa na maneno.

Yeye hakuipenda ile asilimia tano. Mtu anayekupunguzia bei ili umpe fedha zote kabla hajafanya kazi, alisema, ana shida ya fedha. Hakuwa mbali na ukweli unaojulikana duniani. Mwaka 2023 huko Uingereza, shule mbili za urubani zenye jina, FTA Global na Tayside Aviation, zilifunga shughuli zikiwa na wanafunzi katikati ya mafunzo, na waliokuwa wamelipa mbele walibaki wakidai. Hiyo ni Uingereza, yenye sheria na mahakama zake. Lipa kwa awamu, kila awamu baada ya saa zilizorukwa, na kama chuo hakikubali, hilo nalo ni jibu.

Baba alisikiliza yote. Lakini mnunuzi alikuwa akipiga simu, na mwezi ulikuwa unakwisha. Walikubaliana jambo moja tu: cheti cha afya kwanza, kisha wataangalia.

Wiki iliyofuata walikuwa Dar es Salaam, baba, binti na mjomba, kwenye chumba cha kusubiri cha daktari aliyeidhinishwa. Binti alipewa fomu ndefu ya kujaza. Umewahi kulazwa. Umewahi kufanyiwa upasuaji. Unatumia dawa gani. Umewahi kupata kifafa, degedege au kupoteza fahamu.

Kalamu ilisimama hapo.

Akiwa na miaka mitatu alipata degedege mara mbili kwa siku moja, malaria ikiwa imempanda. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, na jambo hilo husimuliwa nyumbani kila mtoto anapougua. Handeni na Korogwe, hasa miaka ile, kulikuwa na nyumba chache zisizo na kisa cha namna hiyo.

"Andika hapana," baba alisema kwa sauti ya chini. "Ni mambo ya utotoni hayo."

Binti alimtazama mjomba. Mjomba alichukua muda. Kisha akasimulia kwa kifupi, bila kumtazama shemeji yake, habari za wanaume wa korona. Mitambo ile ina kelele za kuua masikio. Kila mwaka alikuwa akiwapima usikivu, na kila mwaka wapo waliojifunza kumsoma midomo ili waseme wamesikia. Walikuwa na watoto shuleni, na walijua asiyesikia haachwi karibu na mtambo. Mmoja wao hakusikia wenzake walipompigia kelele, mkono ukaingia. "Yule hakuwa mwongo, shemeji," alisema. "Alikuwa na madeni."

Baba hakujibu. Binti aliandika ndiyo, na pembeni akaeleza: umri wa miaka mitatu, homa ya malaria, haikurudia tena.

Daktari alisoma, akauliza maswali mengi. Ilikuwa na homa? Ilichukua dakika ngapi? Amewahi kupata nyingine baada ya miaka mitano? Kuna mwenye kifafa kwenye ukoo? Degedege la homa la utotoni si kifafa, na kwa kawaida peke yake halimzuii mtu kuruka. Lakini daktari hatakiwi kubahatisha. Alimtuma kwa bingwa wa mishipa ya fahamu kupima umeme wa ubongo na kuleta barua. Vipimo vingine vyote vilikuwa vizuri. Cheti kingesubiri.

Kilisubiri wiki saba.

Hizo wiki saba ndizo zilizobadilisha hesabu ya familia hii kuliko maelezo yoyote ya vyuo. Mwezi uliisha, punguzo la asilimia tano likapita. Mnunuzi alikwenda kununua shamba la mtu mwingine huko mbele kuelekea Handeni mjini. Binti alikuwa halali vizuri. Na siku moja baba, akiwa shambani na mkewe wakichuma machungwa, alisema jambo ambalo mama alilirudia baadaye kwa kaka yake: kwamba kama wangekuwa wameshauza, yeye asingemwomba mtoto aandike hapana, angemwamuru.

Dunia ilishajifunza kwa uchungu maana ya rubani anayeogopa kusema kwamba anaumwa. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha kwa makusudi ndege aina ya A320 kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, wakafa watu wote 150. Alikuwa mgonjwa wa akili na hakumweleza mwajiri wake. Wachunguzi wa Ufaransa, walipoandika sababu zilizomfanya yeye na waliomtibu wakae kimya, walitaja hofu yake ya kupoteza haki ya kuruka, na pia hasara ya fedha ambayo ingemwangukia bila bima ya kutosha. Watu wengi wenye sonona hawamdhuru mtu yeyote, na wengi hupona wakitibiwa. Hilo lazima lisemwe kila kisa hiki kinapotajwa. Lakini yale ya hofu na fedha yanaanzia mbali, na mara nyingine yanaanzia mezani nyumbani, siku mtoto anapoambiwa kwamba mali ya ukoo yote imewekwa mgongoni kwake. Mtoto huyo akiona giza akiwa angani, akianza kukosa usingizi, akigundua kwamba hapendi tena kuruka, atamwambia nani?

Rubani hupimwa kila mwaka. Maana yake kila mwaka atakaa mbele ya fomu ileile, na kila mwaka atahitaji kuwa mtu anayeweza kuandika ndiyo.

Barua ya bingwa ilikuja nzuri. Cheti cha daraja la kwanza kikatoka, kikiwa na sharti la miwani. Mama alikiangalia mbele na nyuma, kisha akauliza swali lake mwenyewe, ambalo wanaume wawili hawakulifikiria: akiolewa na kupata mimba je? Binti alikuwa na jibu. Kwa kanuni za kimataifa, mjamzito asiye na tatizo anaweza kuruhusiwa kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, akiwa chini ya uangalizi, kisha anapumzika na kupimwa upya kabla ya kurudi kazini. Mama alisema hilo linaeleweka, hata kwenye kilimo ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Walirudi mezani kwa mjomba, safari hii na daftari. Chuo chenye ankara ya picha kilifutwa. Waliamua kwenda hatua kwa hatua. Ng'ombe wanne waliuzwa, pamoja na mavuno ya machungwa ya msimu, na mjomba akachangia kidogo kutoka kwenye mafao yake. Fedha hizo zinatosha leseni binafsi na akiba ndogo ya saa za ziada, kwa malipo ya awamu. Shamba halikuguswa. Kiwanja cha Manundu nacho hakikuuzwa: mjomba na dada yake walikubaliana kujenga hapo vyumba vinne vya kupangisha, polepole, na kodi yake iwe ya masomo.

Binti aliweka sharti lake na akataka liandikwe kwenye daftari. Akimaliza leseni ya kwanza, ataulizwa kama anataka kuendelea, na jibu lolote halitakuwa ugomvi. Baba alitia sahihi ya kwanza. Alilalamika kidogo kwamba kwa mwendo huo atakuwa mzee kabla ya kumwona mwanawe akiwa kapteni, na mjomba akamkumbusha kwamba hata mkonge huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na hakuna anayeuvuta majani ili ukue.

Hivi sasa anasoma nadharia nyumbani Sindeni, hali ya hewa na sheria za anga, akisubiri nafasi ya kuanza kuruka. Kiingereza anakifanyia mazoezi kila jioni kwa kusoma kwa sauti, maana rubani wa safari za kimataifa lazima afikie angalau ngazi ya nne ya lugha inayotumika angani. Vyumba viwili vya Manundu vimefika kwenye lenta. Mama ameandika tarehe ya kipimo kijacho cha afya ukutani kwa mkaa, jikoni, karibu na tarehe za kliniki ya mjukuu.